Mofini imetoka kwenye mmea. Kipokezi chake kinafanya nini ndani ya ubongo wetu?

Nesi_Mwaka3

Wakuu, habari za jioni. Nasoma uuguzi mwaka wa 3, na kuna jambo linanisumbua tangu nilipokuwa wodi ya upasuaji kwa mafunzo ya vitendo.

Tulikuwa na baba mmoja mtu mzima, kafanyiwa upasuaji wa tumbo, anapewa mofini, dawa kali ya maumivu, kwenye mshipa. Usiku hali ikabadilika: ukimwita haitiki, mboni za macho zimesinyaa zikawa kinukta, anapumua mara 6 kwa dakika. Sista wa zamu akamchoma naloksoni, dawa ya kuipinga mofini, kidogo kidogo. Dakika chache tu baba akafumbua macho, akapumua vizuri, na hapo hapo akaanza kulia kwa maumivu ya kidonda. Tukashusha pumzi. Lakini hata saa moja haikuisha, usingizi ule ule ukamrudia na pumzi zikapungua. Akachomwa tena, mwishowe akawekewa naloksoni kwenye dripu hadi asubuhi.

Sista aliniambia, "Ndiyo maana ukishampa hii huondoki kitandani." Sawa, nimeshika. Ila nataka kuelewa kinachotokea kule ndani. Kitabu chetu kinasema mofini ni ufunguo, kipokezi (mahali dawa inaponasa kwenye seli) ni kufuli, na naloksoni ni ufunguo unaoingia bila kuzunguka. Basi kama naloksoni ilishaingia, mofini ilirudi vipi? Na jambo linalonishangaza zaidi: mofini ni utomvu wa mmea. Kwa nini ubongo wa mtu uwe na mahali palipotengenezwa kupokea utomvu wa mmea? Najua kuna endofini, vituliza maumivu vya mwili wenyewe, lakini nikiangalia michoro yake haifanani na mofini hata chembe. Hivi viwili vinakaaje kiti kimoja?

Naombeni anayejua anieleze taratibu, nipo tayari kusoma marefu.

Mwl_Famakolojia

Nesi, umeuliza swali ambalo wanafunzi wengi hulipita juu juu, na mimi hili ndilo somo nilipendalo kuliko yote ninayofundisha. Kaa chini tulizungumze.

Tuanze na mofini yenyewe. Ni kitu kidogo: atomu 40 tu, kaboni 17, hidrojeni 19, naitrojeni 1 na oksijeni 3. Zimefungamana katika pete 5 zilizobanana, kiasi kwamba molekuli haina nafasi ya kujikunja. Humo ndani nataka ushike vitu viwili. Cha kwanza ni ile naitrojeni moja. Ikiwa kwenye damu, mara nyingi inakuwa imebeba hidrojeni ya ziada, hivyo ina chaji chanya. Cha pili ni pete ya fenoli, yaani pete ya kaboni 6 yenye oksijeni na hidrojeni ubavuni. Umbali kati ya viwili hivyo hauchezi, kwa kuwa pete nyingine zimeubana.

Sasa chukua enkefalini, mojawapo ya peptidi za mwili wetu. Ni mnyororo wa asidi amino 5, yaani vitofali vya kujengea protini: tairosini, glisini, glisini, fenilalanini, halafu mwishoni methionini au lusini. Kwenye karatasi ni kweli usemavyo, haifanani na mofini. Mofini ni gumu na limejikusanya, enkefalini ni uzi unaopinda huku na kule. Lakini itazame ile tairosini ya kwanza. Ina naitrojeni yenye chaji chanya. Ina pete ya fenoli. Ni vile vile viwili! Ukiinyofoa tairosini hiyo, asidi amino 4 zinazobaki hazitulizi maumivu kabisa.

Huko kwenye utando wa seli ya neva, kipokezi kinachoitwa mu ni protini inayopenya utando mara 7, ikienda na kurudi. Vile vipande 7 vimezunguka shimo lililo wazi kuelekea nje ya seli. Mwaka 2012 timu ya Brian Kobilka wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake, ilichapisha umbo la kipokezi cha mu cha panya lililopatikana kwa miale ya eksirei, na tukaweza kulichungulia shimo hilo atomu kwa atomu. Ni pana kuliko ilivyotarajiwa, na halina kifuniko kama baadhi ya vipokezi vya ukoo wake. Kwenye nafasi ya 147 ya mnyororo huo kuna asidi aspatiki, ambayo ina chaji hasi. Hapo ndipo naitrojeni chanya inaponasa. Upande wa pili yuko histidini wa nafasi ya 297, na kati yake na pete ya fenoli huwa kuna molekuli za maji zinazowaunganisha. Mofini hukaa hivyo. Enkefalini nayo hukaa hivyo, kwa kuitumia tairosini yake, na mkia uliobaki unaegemea kuta za juu za shimo.

Mkia huo usiudharau. Chini ya shimo, aina 3 za vipokezi hivi, mu, delta na kapa, zinafanana sana. Tofauti ziko juu, karibu na mlango, pale pale mikia ya peptidi inapogusa. Dinofini, yenye asidi amino 17, inaanza na asidi amino 5 zile zile za enkefalini ya lusini, lakini kilichofuata kinaipeleka kapa. Endofini ya beta, yenye asidi amino 31, inaanza na zile za enkefalini ya methionini, nayo inashika mu na delta vizuri. Enkefalini zenyewe hupendelea delta, ingawa mu pia zinaishika. Mwanzo ni ule ule, mwisho ndio unaochagua mlango.

Kuhusu mmea: kipokezi hakikutengenezwa kwa ajili yake. Vipokezi hivi viko hata kwa samaki, na samaki walikuwepo muda mrefu kabla dunia haijaona mmea wenye maua. Mpopi unatengeneza mofini kwa kuanzia na tairosini, molekuli 2 za tairosini zinazounganishwa na kukunjwa hatua kwa hatua. Mwili wetu nao unaanza peptidi zake na tairosini. Malighafi ni moja, ndiyo maana pete ya fenoli na naitrojeni zinaonekana kotekote. Mimi kila nikilifundisha hili husimama kidogo, kwa sababu ni zuri mno kulipita haraka.

Na waliogundua walifuata swali lako hasa. Mwaka 1973 maabara 3 zilionyesha, kila moja kivyake, kwamba ubongo una mahali panaponasa dawa za jamii ya mofini: Candace Pert na Solomon Snyder huko Johns Hopkins, Eric Simon huko New York, na Lars Terenius huko Uppsala. Ushahidi ulikuwa wa kupendeza. Kuna dawa inaitwa levofanoli, na kuna pacha wake wa kwenye kioo, dekstrofani: atomu zile zile, mpangilio umegeuzwa kama mkono wa kushoto na wa kulia. Ubongo ulishika wa kwanza na kumwacha wa pili. Basi watu wakajiuliza ulilojiuliza wewe: mahali hapa panamngoja nani? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, wakatoa jibu kutoka kwenye ubongo wa nguruwe: enkefalini mbili. Mwaka uliofuata Choh Hao Li na mwenzake wakaitenga endofini ya beta kutoka tezi za pituitari za ngamia.

Sasa naloksoni, na hapa naomba uuweke pembeni mfano wa kufuli. Kufuli ni kitu kigumu kinachosubiri. Kipokezi hakitulii. Kila wakati kinacheza kati ya umbo la kulala na umbo la kuamka, hata pakiwa patupu. Ndani yake, chini ya shimo la dawa, hukaa ioni ya sodiamu inayolisaidia umbo la kulala. Mofini au enkefalini ikikaa, umbo la kuamka ndilo linalopata nguvu: kipande cha 6 cha protini, upande wa ndani ya seli, kinasogea nje karibu nanomita 1, sodiamu inapoteza mahali pake, na protini ya G, inayopeleka ujumbe ndani ya seli, inapata pa kujishikiza. Kuanzia hapo mambo ni ya haraka. Milango ya potasiamu inafunguka, ya kalisi inafungwa, cAMP (kijumbe cha ndani ya seli) inashuka, na neva inakuwa nzito kurusha ujumbe. Kwenye uti wa mgongo ujumbe huo ni maumivu. Kwenye shina la ubongo, kundi la niuroni liitwalo preBötzinger, ujumbe huo ni kupumua.

Naloksoni inanasa pale pale kwenye asidi aspatiki. Ukiilinganisha na oksimofoni, ambayo ni dawa kali ya maumivu, tofauti ni moja tu: kwenye naitrojeni, mahali pa kaboni 1 kuna mkia mfupi wa kaboni 3. Ni hicho tu! Mkia huo unatosha kukizuia kipokezi kisiamke. Dawa ya kuzima maumivu inageuka dawa ya kumrudishia mtu pumzi.

Mambo ya kitandani nawaachia wenzangu wa ganzi.

Ganzi_na_Pumzi

Mwalimu kamaliza la ndani, mimi niseme la wodini.

Nesi, kosa liko kwenye neno "ilishaingia." Hakuna dawa kati ya hizi inayoingia ikabaki. Zote zinashika na kuachia, zinashika na kuachia, muda wote. Kinachoamua ni nani yupo kwa wingi karibu na shimo na nani anashika kwa nguvu zaidi. Ulipomwona baba anaamka, mofini haikuwa imeondoka mwilini. Ilikuwa imenyimwa nafasi tu, iko kwenye damu na kwenye ubongo inazunguka. Naloksoni inayeyuka vizuri kwenye mafuta, inaingia kwenye ubongo haraka na kutoka haraka, halafu ini linaimaliza. Kazi yake hudumu kati ya dakika 30 na 90 hivi. Mofini inakaa masaa. Naloksoni ikipungua, shimo linarudi kwa aliyebaki.

Halafu angalia jambo ambalo wengi hulisahau: figo. Ini linaigeuza mofini kuwa vitu kadhaa, na kimojawapo, mofini-6-glukuronidi, nacho kinakamata kipokezi cha mu na kufanya kazi. Kinatolewa na figo. Mtu mzima, katoka upasuaji, labda hajanywa maji ya kutosha, figo zimechoka, kitu hicho kinarundikana. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kulala tena na tena, ndiyo maana dripu ilikuwa uamuzi sahihi. Sista wako anajua kazi.

Na mliona alivyolia. Naloksoni haichagui: inakiondoa kizuizi cha pumzi na kizuizi cha maumivu kwa pamoja. Ndiyo sababu ya kuitoa kidogo kidogo kwa mgonjwa wa kidonda, hadi apumue vizuri, basi. Ukimmiminia yote kwa pupa unamtupa kwenye maumivu makali, shinikizo la damu linapanda, na moyo unaweza kuyumba.

Fentanili ni habari nyingine. Maabara ya Paul Janssen huko Ubelgiji iliitengeneza mwaka 1960. Haina pete ya fenoli, lakini naitrojeni yake inanasa kwenye asidi aspatiki ile ile, na kwa uzito ina nguvu mara 50 hadi 100 ya mofini. Inafika kwenye ubongo upesi mno, na kule mitaani inakochanganywa kwenye dawa za kulevya hiyo ndiyo inayoua kabla msaada haujafika. Kinyume chake ni buprenofini: inashika kwa nguvu sana, inaachia polepole, na inakiamsha kipokezi nusu nusu tu. Kwa sababu hiyo inatumika kuwatibu watu wenye uraibu, na kwa sababu hiyo hiyo naloksoni hupata shida kuing'oa.

Nesi_Mwaka3

Asanteni sana, Mwalimu, na wewe wa ganzi. Lile la figo sikuwahi kulisikia darasani, nitarudi kwenye faili za wagonjwa nikiwa na macho mengine.

Mwalimu, nina moja la mwisho. Kama enkefalini inakaa pale pale na ni ya mwili wenyewe, kwa nini tusiwape wagonjwa enkefalini badala ya mofini? Si ingekuwa salama zaidi?

Mwl_Famakolojia

Wengi walilitamani hilo kuanzia 1975, na lina mantiki. Vikwazo ni viwili.

Enkefalini ni peptidi, na mwili una vimeng'enya vya kukata peptidi kila mahali. Neprilisini inakata mnyororo karibu na mkia, aminopeptidasi inaing'oa tairosini ya mwanzo, na umeshaona kwamba bila tairosini hakuna kitu. Hata ukiichoma kwenye mshipa inakatwakatwa mara moja, na ile inayobaki inazuiwa na kuta za mishipa ya damu ya ubongo, ambazo haziruhusu peptidi kupita ovyo. Mofini haina viungo vya peptidi vya kukatwa. Mkasi wa mwili hauijui. Ndio ubora wake kama dawa, na ndiyo hatari yake pia.

Huo ndio ulinganisho ambao ningependa uondoke nao kwenye somo hili. Enkefalini inaachiliwa na neva fulani, mahali fulani, kwa muda mfupi, kisha inakatwa. Inazima maumivu kwenye uti wa mgongo bila kumgusa mtu pumzi. Mofini ukiimeza au kuchomwa inafika kwenye kila kipokezi cha mu mwilini kwa wakati mmoja: uti wa mgongo, shina la ubongo, utumbo, sehemu za ubongo zinazohusika na raha. Inakaa masaa, na haijali nani aliiita. Kiti ni kimoja, naitrojeni inanasa pamoja, lakini mwili ulikusudia mgeni wa muda mfupi.

Ni salama? Enkefalini ikisambazwa mwili mzima na ikazuiwa isikatwe, sioni sababu ya kuamini kwamba ingekuwa mpole. Usalama wake unatokana na inakotolewa na inavyokatwa. Kwa hiyo watu wakageukia mkasi. Ipo dawa ya kuharisha, rasekadotrili, inayoizuia neprilisini kwenye utumbo ili enkefalini za hapo hapo zidumu kidogo na utumbo upunguze kumwaga maji. Kwa maumivu, njia hiyo bado haijatupa dawa ya kuchukua nafasi ya mofini.

Na kwamba peptidi hizi zinafanya kazi kwa watu wazima wenye akili zao, si kwenye chupa tu, ushahidi wangu niupendao ni wa mwaka 1978. Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields waliwachunguza watu waliotoka kung'olewa meno. Wengine walipewa kitu kisicho na dawa yoyote, na kuna waliopata nafuu ya kweli. Kisha wakapewa naloksoni, na maumivu ya wale waliopata nafuu yakaongezeka. Naloksoni ilikuwa inamng'oa nani, wakati hakuna aliyepewa mofini? Walikuwa na zao wenyewe. Kwa hiyo ukimshika mgonjwa mkono na kumweleza kwa utulivu unachomfanyia, usidhani ni adabu tu. Kuna kemia humo.

Mlezi_wa_Mama

Samahanini kuingilia, mimi si mtu wa afya. Namuuguza mama yangu, ana saratani imeingia kwenye mifupa. Daktari kamwandikia mofini ya maji, na ndugu zangu wamekataa, wanasema tutamfanya mama teja. Nikisoma humu naona mofini inafika hadi kwenye sehemu za raha, nimezidi kuogopa. Na siku chache alizotumia alifunga choo vibaya. Je, hizo ndizo dalili za sumu?

Mwl_Famakolojia

Pole sana, ndugu yangu, kwa kumuuguza mzazi. Umefanya vyema kuuliza.

Mambo mawili yanachanganywa na ndugu zako, nayo hayafanani. Mwili wa mama utaizoea mofini. Vipokezi vikiamshwa kila siku, seli hupunguza usikivu wake, kwa hiyo baada ya muda dozi huenda ikahitaji kupandishwa, na ikikatwa ghafla atatetemeka, atatoka jasho, ataharisha. Hiyo humpata yeyote, hata mtakatifu. Uraibu ni kuitafuta dawa na kuendelea kuitumia ijapokuwa inaharibu maisha yako. Mama anayelia kwa maumivu ya mifupa, akipewa dozi ya daktari kwa saa zake akaweza kulala na kuzungumza na wanawe, hajawa teja. Mkalishe chini ndugu anayesikilizwa zaidi, mwende naye kwa daktari, aulize mwenyewe. Na msiisimamishe ghafla, wala msimwongezee kwa kukisia.

Choo kufunga si sumu. Utumbo umejaa vipokezi vya mu, mofini ikivikalia utumbo unapunguza mwendo na kukausha. Dawa ya kuharisha iitwayo loperamidi inatumia njia hiyo hiyo. Tofauti na usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo, ambavyo mara nyingi hupungua, utumbo hauzoei kirahisi. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo inatakiwa ianze pamoja na mofini, siyo kungoja. Ikishindikana kabisa, kuna methilnaltreksoni. Naitrojeni yake imeongezewa kikundi cha kaboni hadi chaji chanya haimtoki, hivyo haipenyi kwenda kwenye ubongo. Inaiondoa mofini kwenye vipokezi vya utumbo na kuiacha iendelee kutuliza maumivu kule juu. Hiyo ni ya daktari kuamua, hasa kwa mtu mwenye saratani, kwa sababu utumbo ulioziba haupewi.

Ganzi_na_Pumzi

Naongezea kwa Mlezi: kesho piga simu pale alipoandikiwa, uwaambie choo cha mwisho alipata lini, kama anatapika, na kama tumbo limejaa na kuwa gumu. Ukiona tumbo gumu pamoja na kutapika, usingoje miadi, mpeleke. Ukiona analala kiasi cha kutoamka ukimwita, au anapumua kwa kuchelewa chelewa, mpeleke muda huo huo na chupa ya dawa mkononi.